Mbwa na Paka Wasafiripo Pamoja na Mwenye Nyumba

Kila mwaka mwezi wa Desemba ukaribiapo, vituo vya mabasi mjini Nairobi hujaa watu waendao makwao. Mizigo hupandishwa, watoto hushikwa mikono, na kila mtu hukimbilia kiti. Katikati ya mizigo hiyo hapakosi sanduku la karatasi lililotobolewa matundu, ambalo ndani yake mna paka aliaye, au mtoto wa mbwa aliyefungwa kamba ya katani shingoni. Mwenyewe ameona vibaya kumwacha mnyama wake mjini bila mtu wa kumlisha, au amewaahidi wazazi wake kwamba atawaletea mbwa wa kulinda boma. Nia yake ni njema. Lakini akiulizwa mnyama huyo alichanjwa lini, mara nyingi hana jibu. Na akiulizwa mnyama atakunywa maji wapi njiani, hucheka.

Zamani maswali hayo hayakuwapo. Mbwa alizaliwa bomani, akala makombo ya bomani, akalinda mbuzi na kufuata wawindaji, akafa palepale alipozaliwa. Paka naye alikuwa wa ghala na jikoni. Siku hizi watu huhama kwa ajili ya kazi, kutoka Kisumu mpaka Mombasa, kutoka Nyeri mpaka Voi, na wanyama wao huhama pamoja nao. Mbwa aendaye safari ya kilomita 400 kwa usiku mmoja ni jambo jipya, na desturi ya kumtayarisha bado haijaenea.

Ni vema ieleweke tangu mwanzo kwamba shida kubwa ya safari hiyo si kelele wala uchafu ndani ya basi. Shida kubwa ni kile ambacho mnyama aweza kukipeleka katika boma aendalo, mahali ambapo watoto wanamngoja kwa furaha.

UGONJWA USIOONEKANA

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa mmoja kando ya mji wa Nairobi. Mwaka 1928 kikathibitishwa katika binadamu, upande wa Ziwa Viktoria. Tangu hapo hakijatoka nchini. Shirika la Afya Ulimwenguni hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba katika kila watu 100 waupatao, 99 wameambukizwa na mbwa. Katika kila watu 10 waumwao na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto walio chini ya miaka 15.

Ugonjwa huletwa na kirusi kikaacho katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama aumapo, mate huingia kidondani. Kutoka hapo kirusi hakichukuliwi na damu kama vijidudu vya magonjwa mengi, bali hupita polepole ndani ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo, na mwendo huo huchukua majuma au miezi. Kikiisha kufika kwenye ubongo hushuka tena mpaka kwenye mate, na hapo ndipo mnyama awezapo kumwambukiza mwingine. Jeraha la usoni ni la hatari kuliko la mguuni kwa sababu njia ya kufikia ubongo ni fupi. Mtoto mdogo, ambaye uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa, ndiye aumwaye usoni.

Kwa hiyo mbwa aliyeumwa na mbwa koko Nairobi mwezi wa Oktoba aweza kula vizuri, kucheza, na kumfuata bwana wake mpaka dukani kwa muda wa majuma mengi. Desemba hupanda basi akiwa mzima machoni pa kila mtu. Siku mbili tatu baada ya Krismasi, akiwa kijijini, hubadilika. Tena mate yake huwa yamekwisha kuwa na kirusi siku chache kabla ya dalili yo yote kuonekana. Mwenyewe ataapa kwamba mbwa wake hakuwa mgonjwa, naye atakuwa anasema kweli kama ajuavyo.

Ushahidi wa jambo hili haupo mbali. Katika kisiwa cha Pemba kampeni za kuchanja mbwa zilikuwa zimekwisha kuufukuza ugonjwa huu kufikia mwaka 2014. Watu wakatulia, chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaonekana tena. Wataalamu walipochunguza virusi vyenyewe waligundua kwamba huo haukuwa ugonjwa wa zamani uliojificha kisiwani, bali ulikuwa umeletwa upya kutoka nje, tena mara mbili. Mbwa hawezi kuogelea mkondo wa Pemba. Mbwa afikaye huko amechukuliwa chomboni na mtu, na pengine mtu huyo alikuwa na nia njema kama ile ya msafiri wa Desemba. Ilibidi kuanza tena kuchanja kijiji kwa kijiji, na kisa cha mwisho kikaonekana Oktoba 2018.

Waingereza nao walijifunza hayo kwa gharama. Walikuwa wameumaliza ugonjwa huu katika nchi yao mwaka 1902. Mwaka 1918, vita ilipokuwa inakwisha, ulirudi upande wa kusini-magharibi pamoja na mbwa walioingizwa kwa siri na askari waliotoka vitani ng'ambo, nao haukumalizika tena mpaka mwaka 1922. Kwa muda mrefu baada ya hapo mtu aliyehama kutoka Kenya na mbwa wake alilazimika kumwacha katika nyumba ya karantini kwa miezi 6 alipofika Uingereza. Amri hiyo ililegezwa mwaka 2000, ilipokubaliwa kwamba chanjo iliyothibitishwa yaweza kuchukua mahali pa kifungo.

HESABU YA SIKU

Chanjo ya mbwa ni sindano moja. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, na katika Kenya mbwa hurudiwa kila mwaka. Lakini chanjo haifanyi kazi siku ile ile. Mwili wa mnyama ambaye hajawahi kuchanjwa huhitaji siku 21 hivi kabla ya kuhesabiwa kuwa una kinga. Basi mtu akusudiaye kusafiri tarehe 20 Desemba hana budi kumpeleka mbwa wake kwa daktari wa mifugo kabla ya tarehe 29 Novemba. Kumchanja jioni ya kuamkia safari ni afadhali kuliko kutomchanja kabisa, lakini si kujitayarisha.

Hesabu hiyo ndiyo huwashinda wanunuao watoto wa mbwa kando ya barabara za Nairobi. Muuzaji husema mtoto ana miezi 3, na kumbe macho yake hayajapata mwezi tangu yalipofunguka. Mtoto wa mbwa asiachishwe mama yake kabla ya majuma 8, na asipelekwe safari ya mbali kabla ya kuchanjwa. Baba aliyeahidiwa mbwa Desemba hatapungukiwa na kitu akimpata Pasaka.

Tangu mwaka 2013 kazi ya mifugo iko mikononi mwa kaunti, kwa hiyo mahali pa kuuliza ni ofisi ya mifugo iliyo karibu. Katika kampeni za serikali mara nyingi chanjo hutolewa bure. Daktari wa binafsi hutaka malipo. Mwaka 2014 Kenya iliweka mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na Kaunti ya Makueni ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuanza. Msingi wa mpango huo ni kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufa wenyewe. Mbwa mgeni asiyechanjwa, akiingia kijiji kilichokwisha kujitahidi hivyo, huipunguza hesabu hiyo. Cheti cha chanjo kichukuliwe safarini pamoja na vitambulisho vya mwenyewe, kwa maana mtoto akiumwa huko ugenini, karatasi hiyo ndiyo ya kwanza ambayo tabibu atataka kuiona.

Na mtoto akiumwa? Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yatiririkayo na sabuni, kwa muda wa dakika 15 kamili. Muda huo ni mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Mtu aoshaye kwa haraka humaliza kabla ya dakika 2. Sabuni huharibu kirusi kabla hakijaingia katika mishipa ya fahamu, nayo hupatikana hata katika boma lililo mbali na hospitali. Lisipakwe mafuta wala majani wala pilipili. Kisha mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, ijapokuwa jeraha ni dogo na mbwa anaonekana mzima. Zahanati nyingi ndogo hazina chanjo ya binadamu, kwa hiyo ni heri kuuliza kwa simu kuliko kupoteza nusu ya siku. Sindano hutolewa zaidi ya mara moja katika majuma kadhaa, na hazina budi kumalizwa zote. Mtoto wa kwanza kutibiwa hivyo alikuwa Joseph Meister, mvulana wa miaka 9, ambaye Louis Pasteur alimtibu Paris mwezi wa Julai 1885 kwa sindano 13. Mvulana huyo alipona akaishi mpaka utu uzima. Lakini mgonjwa aanzapo kushtuka kwa kuona maji na kushindwa kumeza, hakuna dawa ya kutumainiwa.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa mawe na kutupwa. Yafaa afungwe mahali salama na kutazamwa kwa siku 10, na daktari wa mifugo aarifiwe. Akiwa mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na ugonjwa siku aliyouma. Akifa, uchunguzi wa ubongo wake utaonyesha ukweli. Mtoto asingojeshwe siku hizo zipite, bali aanze kudungwa mara moja.

Iko dalili moja iliyowadanganya wengi. Kila mtu humwogopa mbwa akimbiaye huku na huku na kuuma hata miti. Lakini wako wagonjwa wapole, ambao hujikunyata gizani, taya likalegea, mate yakatiririka, wakashindwa kumeza. Mbwa wa namna hiyo huonekana kana kwamba amekwamwa na mfupa kooni. Mwenyewe, kwa huruma, hutia mkono kinywani ili kuutoa. Mfupa haupo, na mkono huo umekwisha kuguswa na mate.

NJIANI

Binadamu akiona joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hana njia hiyo. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, na hewa ikiwa ya moto kuhema hakumsaidii. Motokaa iliyofungwa na kuachwa juani huwa tanuri. Hata siku isiyo na joto kali, joto la ndani huongezeka kwa nyuzi 20 na zaidi katika saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hupatikana katika nusu saa ya kwanza. Kufungua kioo kidogo hakuleti nafuu ya maana. Mtu aendaye Mombasa akasimama Mtito Andei kula chakula cha mchana, huku mbwa wake amebaki ndani ya gari, aweza kurudi akakuta mzoga.

Mbwa wa kufungwa ndani ya buti ya gari, au kuku na paka wa kufungwa juu ya basi pamoja na magodoro, ni mambo yaonekanayo kila siku, na mazoea yameyafanya yaonekane si kitu. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama huhesabu kuwa ni kosa kumsafirisha mnyama kwa namna imtesayo bila sababu. Mnyama apewe sanduku la mbao au tenga imara lenye hewa pande zote, ambalo ndani yake aweza kusimama, kugeuka na kulala. Lisiletwe siku ya safari. Liwekwe nyumbani juma moja au mawili kabla, wazi, na chakula chake kitiwe humo, hata mnyama alione kuwa ni chumba chake. Mnyama ajuaye sanduku lake hulala njia nzima. Asiyelijua hulia mpaka abiria wote wamchukie yeye na bwana wake.

Chakula apewe kidogo, saa kadhaa kabla ya kuondoka, maana mnyama mwenye tumbo lililojaa hutapika kwenye kona za kwanza. Maji apewe kidogo kidogo kila gari lisimamapo. Asipewe dawa za binadamu za kumtuliza au kuondoa maumivu. Kibao kimoja cha Panadol, ambacho mtu humpa mtoto wake bila hofu, chaweza kumwua paka, kwa kuwa mwili wa paka hauna uwezo wa kuivunja dawa hiyo.

Kuhusu mabasi, kila kampuni ina amri zake. Ziko zinazokataa wanyama kabisa na ziko zinazokubali kwa malipo. Msafiri aulize siku ya kukata tikiti, wala asingoje kubishana na kondakta saa 3 za usiku, watu wote wakimtazama. Akumbuke pia kwamba jirani yake wa kiti ana haki. Waislamu wengi, hasa katika pwani, huhesabu mate ya mbwa kuwa ni najisi, na nguo iliyoguswa hailiwezi kuvaliwa kwa sala mpaka itoharishwe. Ubao wa sanduku na kiti cha nyuma huondoa matata hayo yote. Ni utovu wa adabu kumwambia mzee aliyevaa kanzu kwamba mbwa "hana neno".

Msafiri apitaye Tsavo aelewe pia kwamba wanyama wa nyumbani hawaruhusiwi kuingizwa katika mbuga za taifa. Barabara kuu hupita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na mbwa aliye ndani ya gari barabarani hana kosa. Lakini familia itakayo kuingia mbugani kutazama ndovu yapasa imwache mbwa wake kwingine. Wengi hudhani sababu ni simba kumla mbwa. Mara nyingine hatari huelekea upande wa pili. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia katika simba wa Serengeti, ukaua karibu theluthi moja yao, yaani simba wapatao 1,000, kisha ukaenea mpaka Maasai Mara. Mbwa wa vijiji vya jirani ndio walioshukiwa kuuleta.

Mbwa atokaye nchi za juu kama Limuru au Nyeri kwenda pwani hukutana na maadui asiowajua. Kupe ni wengi huko, na homa waletazo humshika mgeni kwa nguvu kuliko mwenyeji. Katika sehemu nyingine kuna mbung'o, na mbwa ni dhaifu sana mbele ya nagana: hukonda, hupata homa, na mara nyingi jicho hufanya ukungu mweupe. Mwenyewe akionapo jicho hilo asidhani kuwa ni kipofu cha uzee. Daktari wa mifugo aambiwe kabla ya safari mbwa anakwenda wapi, naye atatoa dawa ya kupe na kueleza yaliyobaki. Jioni, mbwa apapaswe masikio na katikati ya vidole, ambako kupe hupenda kujificha.

NJE YA NCHI

Avukaye mpaka kwenda Tanzania au Uganda asidhani kwamba cheti cha chanjo peke yake kinatosha. Hutakiwa pia cheti cha afya kitolewacho na idara ya mifugo, na ruhusa ya nchi aendayo. Kwa wale wanaokwenda kufanya kazi au kusoma Ulaya, mambo ni marefu zaidi. Mnyama hutiwa chini ya ngozi kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye nambari ya tarakimu 15 isomwayo kwa mashine. Baada ya hapo ndipo huchanjwa. Chanjo iliyotangulia kidude haihesabiwi. Siku 30 au zaidi baada ya chanjo hutolewa damu ambayo hupelekwa katika maabara iliyokubaliwa, ili ijulikane kama kinga imefika kiasi kitakiwacho. Kisha, kwa mnyama atokaye Kenya, hungojwa miezi 3 kuanzia siku damu ilipotolewa. Jumla ni miezi 4 na zaidi. Mtu aliyepata barua ya kazi leo, naye aripoti mwezi ujao, hana njia ya kumchukua mbwa wake pamoja naye. Itambidi amwache kwa ndugu na kumwita baadaye.

Gharama ya hayo, pamoja na nauli ya ndege, aghalabu hupita thamani ya mbwa mwenyewe mara nyingi. Hilo ni shauri la mwenyewe. Lakini wako watu ambao, wakiisha kusikia bei, humfungulia mbwa lango usiku na kuondoka asubuhi. Mbwa wa namna hiyo hawi huru. Huingia katika kundi la mbwa koko wa mtaa, hapati chanjo tena, na ni mmoja katika wale watakaowauma watoto wa majirani waliobaki.

KUBAKI NYUMBANI

Kwa safari fupi, mara nyingi mnyama hufaidiwa zaidi na kuachwa. Mbwa mzee, mbwa jike mwenye mimba, na karibu kila paka, huteseka njiani bila faida yo yote. Jirani mwaminifu achaguliwe mapema, apewe unga na fedha za mboga, aonyeshwe kiasi cha chakula, na aachiwe nambari ya daktari wa mifugo. Zawadi ya kutoka shamba, kama mkungu wa ndizi au kuku, humkumbusha jirani kukubali tena mwaka ujao. Jambo moja husahauliwa: mbwa azoeaye kufunguliwa usiku hatamtii mgeni. Jirani aje kumlisha siku tatu nne huku mwenyewe angalipo, mpaka mbwa amkubali.

PAKA

Paka anastahili maneno yake mwenyewe, kwa maana si mbwa mdogo. Mbwa humpenda mtu. Paka huipenda nyumba. Ajabu ni kwamba mababu zake walikuwa wasafiri wakubwa. Paka wote wa nyumbani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Kati na Afrika ya Kaskazini, na katika kisiwa cha Kipro wachimbaji waligundua paka aliyezikwa karibu na mtu miaka 9,500 hivi iliyopita. Kisiwa hicho hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo lazima aliletwa kwa chombo. Mabaharia waliwachukua paka ili kulinda shehena na panya, na mtu yeyote atembeaye katika vichochoro vya Lamu huona kwamba hawakurudi walikotoka.

Hata hivyo paka wa leo akihamishwa huhuzunika. Iko desturi ya kumtia ndani ya gunia na kumzungusha mara kadhaa ili asijue njia ya kurudi. Kuzungushwa hakumsahaulishi kitu. Humtia hofu tu, na paka mwenye hofu ndani ya gunia huuma na kukwaruza yeyote amfunguliaye. Paka wengi waliohamishwa kwa mwendo mfupi, kama kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, wamepatikana juu ya ukuta wa nyumba ya zamani baada ya siku chache, na wengine wamekufa barabarani wakijaribu. Paka pia hupata kichaa cha mbwa na kukiambukiza, kwa hiyo chanjo ni yake vilevile.

Afikapo nyumba mpya awekwe katika chumba kimoja, madirisha yamefungwa, pamoja na sanduku lake la safari likiwa wazi, maji, na beseni la mchanga au unga wa mbao. Nguo chafu ya mwenyewe iwekwe humo, kwa kuwa harufu aijuayo humtuliza. Siku ya kwanza huenda asile, naye atakaa chini ya kitanda. Aachwe hapo, watoto wasimvute. Akianza kula na kujilamba, afunguliwe vyumba vingine, kimoja kimoja. Mlango wa nje usifunguliwe kabla ya majuma 3. Siku hiyo ikifika, anyimwe chakula cha asubuhi, atolewe saa moja kabla ya chakula cha jioni, kisha sahani yake igongwe kwa kijiko kama alivyozoea kusikia katika nyumba ya zamani.